Msalabani alikufa nani? Swali la mwalimu wa Igogo

Bwana Yesu asifiwe, mshauri.

Nafundisha darasa la ubatizo la watu wazima hapa Igogo, Mwanza. Wanafunzi ni 11, wengi wao wavuvi wa dagaa na wachuuzi wa Mwaloni, Kirumba. Wawili waliishia darasa la nne, na mmoja ni mwalimu wa sekondari. Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika somo la Kristo kuwa Mungu kweli na mtu kweli.

Nilianza na mfano wa chai ya maziwa: maji na maziwa, kikombe kimoja. Yule mwalimu wa sekondari akauliza, "Kwa hiyo ni kitu cha tatu, si maji wala si maziwa?" Nikabadilisha, nikasema basi ni kama Mungu aliyevaa koti la mwili. Kijana mmoja akauliza, "Na akilivua?" Tulipofika msalabani nikasema uliokufa ni upande wa ubinadamu, upande wa Uungu ulibaki mbinguni. Baada ya kipindi mzee wa kanisa aliyekuwa amekaa nyuma akaniambia nimefundisha uzushi. Hakuniambia uzushi gani, wala nilipaswa kusema nini.

Nina maswali matatu. La kwanza, msalabani alikufa nani? Mwanafunzi mmoja ana shemeji yake Mwislamu ambaye kila wakikutana anamwuliza Mungu anakufaje, na siku tatu zile dunia iliendeshwa na nani. La pili, kama Yesu ni Mungu, alitupatanisha na nani? Alijipatanisha na nafsi yake? La tatu ni zito zaidi. Mchuuzi mmoja darasani amekiri kwamba alimficha mwenzake wa biashara mauzo ya magunia ya dagaa, kama shilingi 600,000 hivi. Huyo mwenzake sasa anaishi Nansio, Ukerewe. Mwanafunzi wangu anasema damu ya Yesu imeshamaliza yote, hana sababu ya kumfuata. Nimpeleke kubatizwa?

Zimebaki wiki 5. Naomba maelezo ya kufundishia, mahubiri tunayo ya kutosha.

Mwalimu wa darasa, Igogo

*

Amina, mwalimu.

Mzee aliyekaa nyuma hakukuonea. Ila kumwambia mtu amekosea kisha ukaenda zako ni kumsukuma majini bila kasia. Tuanze na makosa yenyewe, na usione haya: yote matatu yalifanywa na wasomi na viongozi wa kanisa zaidi ya miaka 1,500 kabla yako.

Chai ya maziwa ni kosa linalobeba jina la Eutyches, mkuu wa monasteri mjini Konstantinopoli katika karne ya 5. Ukichanganya maji na maziwa unapata kinywaji ambacho si maji tena wala si maziwa tena. Kristo wa namna hiyo si Mungu kama Baba alivyo Mungu, na si mtu kama wewe ulivyo mtu. Mwanafunzi wako aliliona palepale, mshukuru. Mfano wa chotara, ambao utakujia siku moja ukiwa umeishiwa, una ugonjwa uleule, na ule wa unga wa mahindi na muhogo katika ugali mmoja pia. Yote ni nusu kwa nusu, na nusu Mungu hakuna.

Koti ni kosa la zamani zaidi. Barua ya kwanza ya Yohana, sura ya 4, tayari inalikemea. Mwili ukiwa koti, basi kilichopigiliwa misumari ni nguo, na mwenyewe hakuguswa. Kijana wako aliuliza swali la akili: akilivua? Halivui. Aliyefufuka ni yuleyule mwenye alama za misumari, na kanisa linakiri kwamba mpaka saa hii ni mtu. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, mstari wa 5, uliandikwa Yesu akiwa ameshapaa siku nyingi, na bado unamwita "Mwanadamu Kristo Yesu".

Kosa la upande ndilo baya kuliko yote kwa darasa, kwa sababu linasikika kama jibu. Upande mmoja ukafa, upande mwingine ukabaki mbinguni: hapo umeshapata wawili, mmoja anateseka na mwingine anamtazama. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Efeso, mwaka 431, ulilihukumu kosa hili kwa jina la Nestorius, askofu mkuu wa Konstantinopoli. (Kama mwenyewe alilifundisha hasa au alisingiziwa, wasomi wanabishana mpaka leo. Jina limemganda.) Kwa hiyo futa kabisa neno "upande" katika somo hili. Likikutoka mdomoni, simama, lirekebishe mbele yao, uendelee.

Mwaka 451, mwezi Oktoba, maaskofu wapatao 500 walikutana Kalkedonia, mji uliotazamana na Konstantinopoli ng'ambo ya maji kama Kamanga inavyotazamana na Mwanza. Leo yote miwili imo ndani ya Istanbul, Uturuki. Walichokiri ni kwamba Kristo ni mmoja, yuleyule, mkamilifu katika Uungu na mkamilifu katika ubinadamu, anayejulikana katika asili mbili bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Mafungu mawili ya kwanza yanaifukuza chai yako. Mawili ya mwisho yanaufukuza upande. Ona kwamba yote manne ni makatazo. Hawakueleza inawezekanaje. Waliweka maboya kuonyesha mwamba uko wapi, na baina ya maboya wakaacha maji marefu.

Kwa kuwa una mwalimu wa sekondari darasani, ajue pia kwamba Waorthodoksi wa Ethiopia, Wakopti wa Misri na Waarmenia hawakuupokea mkutano huo. Wao husema asili moja iliyoungana. Lakini nao wanamkataa Eutyches, na mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia saini tamko la pamoja kwamba Kristo ni Mungu mkamilifu na mtu mkamilifu. Akikutana na Mwethiopia asimrukie.

Sasa zana za kufundishia. Maneno mawili yanakupiga chenga bila wewe kujua. La kwanza ni "asili". Mwaloni mtu akisema "asili yake ni Ukerewe" anamaanisha kwao, alikotoka. Kwa hiyo ukisema Kristo ana asili mbili, darasa linasikia ametoka sehemu mbili: kwa baba Mungu, kwa mama Mariamu. Umerudi kwa chotara hata kabla hujamaliza sentensi. La pili ni "nafsi". Katika Biblia yetu mara nyingi ni roho ya mtu au ni yeye mwenyewe, kwa hiyo "nafsi moja" inasikika kama roho moja ndani ya miili miwili. Nafsi tunayoitaka hapa iko karibu na ile ya sarufi: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anayesema "mimi", anayeitwa "wewe".

Kwa wale wawili walioishia darasa la nne, achana na maneno yote mawili katika kipindi cha kwanza. Tumia "nani" na "nini". Usiku ukisikia kishindo nje ya dirisha unauliza, "Nini hicho?" Ukisikia kikohozi unauliza, "Nani huyo?" Hakuna asiyejua tofauti. Kuhusu Yesu, ukiuliza ni nani, jibu ni moja: ni Mwana wa Mungu. Ukiuliza ni nini, majibu ni mawili na yote yanasimama kamili: ni Mungu, ni mtu. Wakishayashika hayo ndipo uwape majina ya kanisa, nafsi kwa ajili ya nani na asili kwa ajili ya nini.

Kisha wafungulie Marko 4:35–41. Una wavuvi darasani. Hii ni habari ya watu wa chombo kidogo, ziwa kubwa, usiku. Mstari wa 38 unasema alikuwa katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Usilipite neno shetri. Waulize shetri iko wapi kwenye mtumbwi wao. Watakuonyesha kwa mkono. Waulize mtu analalaje chombo kinapojaa maji. Watakujibu: amechoka hasa. Huyo ni mtu. Halafu mstari wa 39: akaamka, akaukemea upepo, akaiambia bahari inyamaze, kukawa shwari kuu. Wanajua upepo ukikatika mawimbi hayatulii papo hapo, yanaendelea kupiga kwa muda. Hapa yalitulia pamoja nao. Wanafunzi wa Yesu, kadhaa wao wavuvi, hawakuuliza nini hiki. Waliuliza, "Ni nani huyu?"

Walimu wengi wanaharibu hapa. Wanachora safu mbili ubaoni, kulia Mungu, kushoto mtu. Kulala kunaandikwa kushoto, kukemea upepo kunaandikwa kulia. Darasa linafurahi kwa sababu kila kitu kimepata mahali pake, na linakwenda nyumbani na Mayesu wawili. Wewe andika vitenzi kimoja chini ya kingine katika safu moja: amelala, akaamka, akaukemea, akaiambia. Mpe mtu chaki apigie mstari herufi ya kwanza ya kila kimoja. Ni "a", "a", "a", "a". Kiambishi hakibadiliki mtendaji akitoka katika usingizi kwenda kuiamuru bahari. Aliyelala ndiye aliyekemea. Ukipenda kufanya zoezi la pili, Yohana 11 ina vitenzi vya namna hiyohiyo: analia machozi njiani kwenda kaburini kwa Lazaro, na dakika chache baadaye anamwita Lazaro atoke. Dakika 40 zinatosha kwa somo lote hili. Lipange wakati wa mbalamwezi, wavuvi wako wakiwa nchi kavu. Ukiliweka siku za giza utafundisha wachuuzi peke yao.

Ukishafika hapo, swali lako la kwanza limefunguka nusu. Msalabani alikufa nani? Alikufa Mwana wa Mungu. Sema hivyo bila kumung'unya. Paulo anasema waliomsulubisha walimsulubisha Bwana wa utukufu (1 Wakorintho 2:8), na mtaguso wa pili wa Konstantinopoli, mwaka 553, ulikiri kwamba aliyesulubiwa kwa mwili ni mmoja wa Utatu. Kisha ongeza maneno ambayo hayakatiki: alikufa kwa ubinadamu aliouchukua. Uungu haufi. Wafundishe wakariri sentensi moja: "Mwana wa Mungu alikufa kweli, kwa ubinadamu wake." Ukikata nusu ya mwanzo umerudi kwenye upande. Ukikata nusu ya mwisho umesema Uungu ulizimika.

Mfano? Upo mmoja, nautoa kwa tahadhari. Mama anayepara sangara Mwaloni, kisu kikateleza kikamkata kidole. Atasema, "Nimejikata." Hatasema, "Kidole kimekatwa, mimi niko salama." Roho yake haina kidonda, lakini mwenye kidole ni yeye, kwa hiyo jeraha ni lake. Vivyo hivyo mwili uliotundikwa haukuwa wa mwingine aliyesimama karibu na Mwana wa Mungu. Ulikuwa wake, na kifo kikawa chake. Mfano unaishia hapo. Roho na mwili wa yule mama vinafanya asili moja, ubinadamu; Uungu na ubinadamu wa Kristo havifanyi asili moja ya tatu. Waambie wazi kwamba unaishia hapo, kwa sababu mwalimu wako wa sekondari ataendelea kuusukuma.

Kuhusu shemeji Mwislamu: mwanafunzi aanze kwa kukubali kile wanachokubaliana. Mungu hafi, Mkristo naye anaamini hivyo. Na kufa kwa mtu hakumfanyi asiwepo. Ni roho kuachana na mwili, na hilo ndilo lililompata Yesu katika ubinadamu wake. Uungu wake haukupungua chochote, kwa hiyo hapakuwa na siku tatu dunia ikiwa haina mwenyewe. Mapokeo ya kanisa yanasema Neno, yaani Mwana wa Mungu, hakuachana na mwili wake kaburini wala na roho yake huko iliko. Zaidi ya hapo wabaki ndugu. Na asiazime aya za Kurani kuthibitisha Uungu wa Kristo. Shemeji yake anazijua kuliko yeye na atakuwa na haki ya kukasirika.

Swali la pili nimelipenda zaidi, na nadhani najua lilikotoka. 2 Wakorintho 5:19 katika Biblia ya Kiswahili inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, "akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake". Mwanafunzi amesoma vizuri, kilichomkwaza ni lugha. "Na nafsi yake" hapo ni "naye mwenyewe". Anayepatanishwa ni ulimwengu. Anayepatanishwa naye ni Mungu.

Lakini tatizo kubwa liko ndani ya neno kupatana. Mwaloni watu wanapatana bei siku nzima. Mmoja anataja 90,000 kwa gunia, mwingine 70,000, wanakutana 80,000. Kila mmoja amelegeza. Na mpira ukiisha bila kufungana uwanja wa CCM Kirumba tunasema wametoka suluhu, kila timu na pointi yake. Darasa lako linaleta picha hizo kwenye upatanisho: sisi tulegeze kidogo, Mungu alegeze kidogo, Yesu awe dalali katikati. Ndiyo maana chai ya maziwa iliwaingia haraka hivyo. Dalali wa namna hiyo anafaa kuwa nusu huku na nusu kule.

Mstari wa 20 una neno "mpatanishwe". Livunje ubaoni: patan-ish-w-e. "Ish" inasema kuna anayelisababisha jambo. "W" inasema sisi tunafanyiwa. Pekua barua za Paulo zote, hutapata mahali Mungu anapatanishwa na sisi. Kila mara Mungu ndiye anayepatanisha na sisi ndio tunaopatanishwa. Kwa desturi zetu hilo ni geni. Kwetu mkosaji ndiye anayetuma wazee, anatozwa, anafunga safari. Hapa aliyekosewa ndiye aliyefunga safari, na Warumi 5:10 inasema tulikuwa bado adui.

Tofautisha pia na msuluhishi wa baraza la kata. Yule anatakiwa asiwe wa mlalamikaji wala wa mlalamikiwa. Ukigundua ni binamu wa mwenzako unamkataa. Kristo si mpatanishi asiyehusika. Ni wa Mungu kabisa na ni wetu kabisa, na pasipo hayo mawili kazi haifanyiki. Kusamehe ni kwa aliyekosewa: malaika au nabii anaweza kuleta habari ya msamaha, ila hawezi kuutoa kama wake, na waandishi katika Marko 2:7 walijua hivyo waliponung'unika. Kutii mahali ambapo mwanadamu hakutii, na kufa kifo cha mwanadamu, ni kwa mwanadamu. Arius wa Aleksandria alisema Mwana ni kiumbe, wa kwanza na mkuu kuliko wote. Mkutano wa Nikea, mwaka 325, ulimkataa, na Kanuni ya Imani ikasema "aliyezaliwa bila kuumbwa". Angalia Arius anakupeleka wapi: Mungu ana ugomvi na watu, anamchukua mtu wa tatu, anammwagia damu yeye. Huo si upatanisho. Ni uonevu, na wanafunzi wako watauhisi hata wasipoweza kuusema.

Kwa sababu hiyohiyo naomba uwe mwangalifu na mfano wa daraja la Kigongo–Busisi, ambao tangu lifunguliwe mwaka 2025 umekuwa kipenzi cha wahubiri. Kilomita 3 za zege ni kitu kizuri, na unafaa ukitaka kusema "njia imefunguka". Lakini daraja si Kigongo wala si Busisi. Ni kitu cha tatu kilicholala katikati. Arius angeupenda sana.

Usiruhusu pia picha ya Baba mkali na Mwana mpole anayemshika mkono asipige. Baba ndiye aliyemtuma. Utashi wa kimungu ni mmoja. Kule Gethsemane, "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe", anayesema ni Mwana kwa utashi wake wa kibinadamu, unaoogopa kufa kama wa mtu yeyote, na unaotii. Kwamba Kristo ana utashi mbili, wa kimungu na wa kibinadamu, kulithibitishwa Konstantinopoli mwaka 680–681. Mtawa Maximus, aliyelitetea hilo mapema, alikatwa ulimi na mkono wa kulia, akafa uhamishoni mwaka 662. Kisa chake kilikuwa hiki: kama Kristo hakuwa na utashi wa mtu, basi hiari yetu, ambayo ndiyo iliyoasi, haikuguswa na uponyaji. Gregori wa Nazianzo alikuwa ameshalisema kwa ufupi karne ya 4 kuhusu akili ya kibinadamu: kisichotwaliwa hakikuponywa.

Namna hasa msalaba unavyopatanisha, mikutano hiyo haikuifungia kauli moja. Anselm wa Canterbury, mwaka 1098, alieleza kwa lugha ya deni la heshima ambalo mwanadamu analidaiwa na Mungu peke yake anaweza kulilipa. Makanisa ya Mashariki husisitiza uponyaji na kushindwa kwa mauti. Fuata mkazo wa kanisa lako, bila kuwaambia wengine wote ni wazushi.

Sasa mchuuzi wako, na hapa sitazunguka. Amechanganya mambo mawili. Msamaha wa Mungu haulipiwi, kweli. Zile 600,000 si za Mungu. Ni za mtu aliyeko Nansio.

Mathayo 5:23–24 inamhusu neno kwa neno: sadaka inaachwa mbele ya madhabahu, kwanza ukapatane na ndugu yako. Na Zakayo katika Luka 19 ampe mpangilio. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi hata senti, neema ilitangulia. Ila ilipofika, Zakayo alisimama akataja kiasi. Sheria ya Hesabu 5:6–7 ina vipande vitatu: kuungama, kurudisha mtaji wote, kuongeza sehemu ya tano. Kwa hesabu hiyo ni 600,000 na 120,000 juu, jumla 720,000. Mkristo hafungwi na ile sehemu ya tano kama sheria, lakini ni kipimo kizuri, kwa sababu pesa iliyolala kwako ilikosa kuzunguka kwa mwenzako.

Kwanza aandike: magunia mangapi, mwezi gani, aliuza kiasi gani, alitaja kiasi gani. Asiende na "kama laki sita hivi". Makadirio ya mdaiwa huwa yanapungua njiani. Kisha aende mwenyewe. Meli ya Nansio ipo. Kutuma pesa kwa simu bila maneno ni kulipa deni huku ukificha kosa, na mwenzake anaweza kudhani ni muamala uliokosewa akaurudisha. Akifika asiseme "kama nilikukosea unisamehe". Aseme, "Nilikuficha mauzo ya magunia haya, hii ni hesabu yake, hii ni pesa." Kama hana zote, alete sehemu na tarehe za zilizobaki, wakaandikiane mbele ya mtu wanayemwamini wote wawili. Wewe usiende kama wakili wake. Neno la kuomba msamaha lije mwisho, na jibu aliache kwa mwenzake. Akisamehewa siku hiyo, vizuri. Asiposamehewa, amelipa alichokuwa anadaiwa na hana cha kudai.

Mtego mmoja nauona mara kwa mara kwenye makanisa yetu: mtu anachukua pesa aliyodhulumu anaitoa sadaka ya shukrani, mchungaji anabariki, mwenye pesa anabaki na njaa. Hesabu 5:8 inaruhusu malipo yaende kwa kuhani pale tu aliyedhulumiwa hayupo na hana jamaa wa karibu wa kupokea. Wako yupo, na anwani unayo. Kama amehama Nansio kwenda kisiwa kingine, viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, huwa wanajua nani yuko kambi gani.

Umpeleke kubatizwa? Uamuzi wa mwisho ni wa mchungaji wako na taratibu za kanisa lenu. Kwa maoni yangu, asisubirishwe mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Hiyo itawafundisha wenzake kwamba ubatizo unanunuliwa kwa awamu. Yesu alitamka wokovu nyumbani kwa Zakayo siku ileile Zakayo alipotamka, kabla mtu yeyote hajarudishiwa kitu. Lakini asibatizwe kabla hajafungua mdomo mbele ya yule aliyemdhulumu. Una wiki 5. Kwenda Nansio na kurudi ni siku 2, na hesabu za magunia anaweza kuziandika jioni ya leo.